Kozi wa Mvua za Vuli

Hapa Same mvua ya vuli haina ahadi. Milima ya Upare hutangulia kuinywa. Lakini ikinyesha, kumbikumbi hutoka, na nyuma yao huja kozi wadogo, makundi kwa makundi, wakiwadaka hewani juu ya mapaa yetu. Watu husema ni mwewe, mwizi wa vifaranga, na vijana hushika manati. Lakini hawa hula wadudu. Kuku wetu hawana kesi nao.

Mwaka juzi nilikaa na darubini mpaka nikamwona dume vizuri: mwili wa kijivu, miguu myekundu, na chini ya mbawa weupe. Weupe huo ndio ushahidi. Ni kozi wa Amur, aliyeelezwa kitaalamu na Gustav Radde mwaka 1863. Baadaye wataalamu walimhesabu kwa muda mrefu kuwa namna tu ya kozi mwingine anayezaliana Ulaya. Basi sisi tunaomwita mwewe tusichekwe sana.

Huzaliana pande za Urusi, Mongolia na China, hupitia India, kisha huvuka bahari kuja Afrika. Mwaka 2012, huko Nagaland, penye bwawa la Doyang, walinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu, wakauzwa kitoweo. Mwaka 2013 vijiji vilikubali kuacha, na kozi watatu wakafungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Mmoja aliitwa Pangti, jina la kijiji kimojawapo cha wawindaji hao. Pangti alifika Afrika.