Mapenzi ya Wanawake Wawili na Swali la Nyumba katika Historia ya Usambara

Methali husema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walakini mtu akizisoma habari zilizoandikwa juu ya milima ya Usambara hatakisikia kikohozi cha wanawake wawili waliopendana. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichopigwa chapa tena mwaka 1962, wanawake hutajwa kama mama wa watawala, wake zao na binti zao. Katika majalada ya wakoloni hutajwa kama wakulima, wajane na washtaki wa mahari. Mapenzi yao hayakuwa na fungu katika jalada lolote. Basi katika makala hii nataka kuuliza swali moja: wanawake wawili waliopendana ujanani, kisha wakatenganishwa na ndoa, waliweza kurudiana na kuishi pamoja? Nami naona kwamba jibu halitafutwi kwanza katika hadithi za moyo, bali katika habari za nyumba na shamba.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha hushuhudia yale ambayo makarani hawakuyaandika. Askofu Steere, alipokusanya maneno ya Unguja katika karne ya 19, alilieleza neno shoga kuwa ni rafiki, neno ambalo wanawake huitana wao kwa wao. Kamusi ya mwaka 1939, iliyotolewa na Kamati ya Lugha chini ya Frederick Johnson, ilishika maana hiyo hiyo ya mapenzi na mazoea baina ya wanawake. Siku hizi neno hilo hutumiwa pia, tena kwa dharau, kumwita mwanamume anayependa wanaume. Si haki kusema kwamba kila mashoga wa zamani walikuwa wapenzi. Wala si haki kusema kwamba hapakuwa na wapenzi miongoni mwao. Neno lilikuwa pana, na katika upana wake wengi walipata kivuli bila kuulizwa.

Kivuli cha neno, hata hivyo, si paa. Mfano wa pwani waonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1987 Gill Shepherd alitoa uchunguzi wake juu ya Mombasa, naye alieleza kwamba wanawake waliopenda wanawake kwa kawaida walikuwa wamekwisha kuolewa. Binti wa heshima hakuachwa bila kuozwa. Bali alipoachwa au kufiwa na mumewe, na hasa akiwa na mali yake, aliweza kuwa na nyumba na kumweka mwanamke mwenziwe, akamtunza na kumpa zawadi. Kwa hiyo mapenzi hayo yalikuja katika sehemu ya pili ya maisha, baada ya deni la ndoa kulipwa. Ufunguo wa mlango ulikuwa mali.

Tukiiacha pwani tukaenda magharibi hadi Tarime, katika nchi ya Wakuria, twakuta nyumba ya namna nyingine. Mwanamke asiyekuwa na mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe wa mahari na kumwoa mwanamke kijana. Watoto ambao kijana huyo huzaa na mwanamume huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Desturi hii huitwa nyumba ntobhu, na Wanandi wa Kenya wanayo inayofanana nayo. Wenyewe husema kwamba shabaha yake ni urithi, si mahaba, na yatupasa kuwasadiki. Lakini imethibitisha jambo kubwa, yaani kwamba wanawake wawili waweza kuwa na nyumba inayotambuliwa na ukoo mzima, iwapo mmoja wao ana ng'ombe wa kutosha.

Sasa turudi Usambara. Huko mke alipewa na mumewe mashamba ya kulima kwa ajili ya nyumba yake, na baadaye mashamba hayo yakawa ya wanawe wa kiume. Mwanamke alilima, lakini hakumiliki. Alipofiwa, desturi ilikuwa arithiwe na ndugu wa marehemu. Mjane wa Mlalo aliyetaka kwenda kuishi na rafiki yake wa ujana huko Bumbuli angeliliacha shamba nyuma yake, na pengine watoto pia. Naye rafiki huyo hakuwa na shamba la kumkaribisha, ila lile la mumewe.

Ukoloni uliwaondoa wanaume, lakini haukuwapa wanawake ardhi. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, Wajerumani walileta kipande, wakamlazimisha kila mwanamume kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye wengi walishuka kwenda mashamba ya mkonge kutafuta fedha za kodi. Wanawake walibaki mlimani, wakalima na kusaidiana. Serikali ya Waingereza ilipoanzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Mlalo mwaka 1946, kazi ngumu ya matuta iliwaangukia wao hasa, hata mpango huo ulipovunjika mwaka 1957 baada ya upinzani mkubwa. Hivyo wanawake wawili waliweza kushirikiana jembe miaka mingi, wala wasiweze kushirikiana paa.

Baada ya Uhuru mlango ulifunguliwa kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mjane uhuru wa kukaa apendapo na kutoolewa tena akitaka, ijapokuwa sheria hiyo hiyo ilieleza ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Lakini kwingine mlango ulifungwa: mwaka 2004 Zanzibar ilitunga sheria iliyowataja waziwazi wanawake wanaolala na wanawake, ikaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5.

Hadithi ya kurudiana imesimuliwa na fasihi kabla ya historia. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alipata Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi yake Jambula Tree, inayohusu wasichana wawili waliotenganishwa kwa aibu. Mmoja alipelekwa London, na mwenziwe aliyebaki amwandikia baada ya miaka, aliposikia kwamba anarudi. Barua yaweza kuvuka bahari, lakini watu wawili huhitaji mahali pa kukutana.

Kwa hiyo anayechunguza habari za Lushoto asiuchukue ukimya wa majalada kuwa ushahidi kwamba mapenzi hayo hayakuwako, wala asiyabuni yasipoonekana. Na aulize kwanza, katika kila kijiji na kila kizazi, ni mwanamke gani aliyekuwa na nyumba yake na shamba lake. Hapo ndipo atajua ni nani aliyeweza kumfungulia mlango rafiki yake wa ujana, na ni nani aliyempenda hata kufa bila kuwa na mlango wa kufungua.