Tembo wa Leopold na boma la akili pale Karema

Mwambie mtu wa Mpanda kwamba kuna mfalme aliwahi kununua tembo India na kuwasafirisha hadi Katavi, atakuuliza kama mfalme huyo hakupata habari za tembo wa Mto Katuma. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1879 tembo wanne waliofugwa walishushwa kutoka melini Msasani, Dar es Salaam, wakaogelea hadi nchi kavu, kisha wakaanza safari ya miguu kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwenye tembo alikuwa Leopold II, Mfalme wa Ubelgiji.

Tusicheke haraka, maana hesabu yake ilikuwa safi. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi. Wapagazi walidai posho, wakaugua, wengine wakatoroka na mizigo. Tembo wa India amezoea kazi na anabeba mzigo wa watu wengi. Mpango ulikuwa watangulie hao, halafu wawasaidie watu kukamata na kufuga tembo wa huku. Kwenye karatasi, mjini Brussels, huoni kosa.

Tembo watatu walikufa njiani. Mmoja tu, Pulmalla, aliingia Karema, kando ya ziwa, Desemba mwaka huohuo, naye hakukaa muda akafa. Frederick Carter, Mwairishi aliyewaongoza, aliuawa Juni 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe, wapiganaji wa mtemi Mirambo walipokivamia kijiji walimokuwa. Mpimbwe hiyo ndiyo leo ina halmashauri yake, na tembo wa Hifadhi ya Katavi bado wanaingia mashambani mwa watu bila kufundishwa na yeyote.

Karema yenyewe ilianza kama wazo. Septemba 1876 Leopold aliwaita wanajiografia na wasafiri wakubwa wa Ulaya kwenye kasri lake Brussels. Wakaunda chama, wakakubaliana kufungua vituo barani Afrika: vituo vya sayansi vyenye vifaa vya kupimia, vyenye kupokea wageni na kupambana na biashara ya watumwa. Kituo cha kwanza cha chama hicho kilikuwa Karema, kilichoanzishwa na Kapteni Ernest Cambier Agosti 1879, na boma lake likapewa jina la mfalme. Kizazi kile kiliamini kwamba ulimwengu ni kama saa, na kwamba mwenye akili, rula na subira ataifungua na kuielewa hadi gurudumu la mwisho. Vituo vile vilikuwa kwao ni mahali pa kuanzia kuifungua Afrika.

Ziwa ndilo lililoanza kuwakatalia. Boma lilijengwa juu ya kilima kando ya maji ili liwe bandari. Wakati huohuo, upande wa pili, takataka na matope yaliyokuwa yameziba mdomo wa Mto Lukuga yalikuwa yameachia, na maji yakaanza kukimbilia Kongo. Hadi katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10. Bandari ikabaki kilimani, na chini yake tope. Wazee wetu wana msemo kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na mtu angefikiri ulitungwa Karema.

Kisha ikaja homa. Kapteni Ramaeckers, aliyempokea Cambier, alifia hapo Februari 1882. Mwaka huohuo aliingia Luteni Émile Storms, na hapa ndipo kisa kinaponikera. Storms alikusanya wanyama, mimea na silaha kama kituo cha sayansi kilivyotakiwa. Alipogombana na Lusinga, mtawala wa ng'ambo ya ziwa, alituma watu wakamuua. Hiyo ilikuwa Desemba 1884. Kichwa cha Lusinga kilikatwa, kikasafirishwa Brussels, na mwaka 1886 daktari mmoja, Émile Houzé, akawasomea wanachama wa chama cha elimu ya binadamu vipimo vya fuvu hilo na mengine mawili, kana kwamba tabia ya mtu inasomeka kwa rula. Desturi moja ya kupima ilitumika kwa kina cha ziwa na kwa kichwa cha mtu, wala haikuona tofauti.

Ulaya yenyewe ilichelewa kuiona tofauti hiyo. Mwaka uleule Houzé aliposoma vipimo vyake, mwanafalsafa Nietzsche alichapisha kitabu kilichowahoji waabudu wa ukweli kwa nini wanauabudu. Freud akafuata na hoja kwamba akili si bwana hata nyumbani kwake. Mwaka 1927 Heisenberg akaonyesha kwamba ukijua kwa usahihi chembe iko wapi, kasi yake inakuponyoka, na chombo bora zaidi hakitakuokoa. Mwaka 1931 Gödel akaigusa hisabati yenyewe: kanuni zozote zisizojipinga na zinazotosha kufanyia hesabu zitaacha ukweli fulani usioweza kuthibitishwa kwa kanuni hizo. Katikati ya hayo kulikuwa na vita vya 1914, ambavyo hata ziwa hili halikuvikwepa. Waingereza waliburuta mashua mbili, Mimi na Toutou, nchi kavu kupitia Kongo ili wakapigane na Wajerumani majini.

Anayeunganisha mambo haya vizuri zaidi kwangu ni Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani. Katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wasafiri wa Kibelgiji na Kijerumani, alisoma upya maandishi yao na kukuta watu wenye homa, kwinini, afyuni, pombe na hofu. Wale waliojiita macho ya akili, mara nyingi hawakuwa na akili zao. Fabian hawacheki. Anasema mengi ya maana waliyojifunza waliyapata pale walipolegea, wakacheza ngoma, wakala na watu. Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambapo watu huacha sadaka kwa mzimu Katabi, na hakuna safu ya kumweka Katabi katika daftari la vipimo.

Wabelgiji waliondoka mwaka 1885, boma likaenda kwa Mapadri Weupe. Miaka minne baadaye alifika kijana Adrian Atiman, mzaliwa wa karibu na Timbuktu, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri hao na kusomeshwa udaktari Malta. Sayansi yake ilitoka Ulaya ileile. Tofauti ni kwamba alioa hukohuko, akawauliza wenyeji habari za mizizi na majani yao, na akatibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67.

Storms alirudi Brussels na masanduku yake, akawekewa sanamu ambayo iliondolewa mwaka 2022. Kaburi la Atiman liko Karema.