Kukwama kwa Mashine Pepe Wakati wa Kuwaka: Kisa cha Vichakataji vya Intel, 2005–2010

Mwaka 2005 Intel ilitoa vichakataji vya kwanza vyenye VT-x, uwezo wa maunzi kusaidia mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya nyingine. Hata hivyo, baadhi ya mifumo endeshi iliyowaka vizuri katika kompyuta halisi ilikwama katika mashine pepe kabla ya kiini chake kupakiwa. Ilikuwa rahisi kuushuku mfumo endeshi. Kumbe chanzo kilikuwa chini zaidi. Kompyuta hizo zilianza kuwaka katika hali ya biti 16, iliyorithiwa kutoka kichakataji 8086 cha mwaka 1978, ilhali VT-x ya awali haikuiruhusu mashine pepe kuingia katika hali hiyo. Programu simamizi, kama vile Xen na KVM, zililazimika kuiiga, na uigaji huo ulikuwa na mapengo. Vichakataji vya AMD vya mwaka 2006 havikuwa na kizuizi hicho. Intel ilikiondoa mwaka 2010.

Kisa hiki kinadhihirisha kwamba utatuzi huanza kwa kubaini tabaka lenye hitilafu: maunzi, programu simamizi au mfumo endeshi. Katika Kiswahili, kauli “mashine haiwaki” hufunika yote matatu. Istilahi za kuyatenganisha ni hitaji la fundi kabla ya kuwa hitaji la kamusi.