Arosto si Uraibu

Mtu anayetumia heroini akikwambia "nina arosto", hakwambii kwamba ana hamu. Anakwambia kwamba anaumwa. Muda wa saa 8 hadi 12 umepita tangu dozi yake ya mwisho. Anapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vinamtoka bila kilio wala mafua, vinyweleo vimemsimama, tumbo linasokota na kuharisha, viungo vinauma, usingizi hauji. Siku ya pili na ya tatu hali huwa mbaya zaidi, kisha hupungua, na baada ya wiki moja hivi mwili hutulia.

Neno hili limezaliwa vijiweni, Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Malindi, na wapo wanaolitamka alosto. Vitabu vya afya hulikwepa na kuandika "dalili za kuacha dawa". Mimi nalitetea arosto. Ni neno fupi, linataja hali moja tu, na mgonjwa na muuguzi wanaelewana nalo papo hapo. Tena "dalili za kuacha dawa" linapotosha, kwa sababu wengi wanaoshikwa na arosto hawajaacha chochote: wamekosa pesa ya kete ya heroini, au wamelala mahabusu. Uzito wa hali yenyewe umewahi kuandikwa na watafiti. Katikati ya miaka ya 2000, jijini Dar es Salaam, walikuta wanawake wasio na pesa wakivuta kwa bomba la sindano damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, kisha kujidunga damu hiyo wao wenyewe. Walitaraji kwamba heroini iliyomo ingewaokoa na arosto, na hatari ya virusi vya UKIMWI ikawa si kitu mbele ya maumivu yale.

Lakini neno likishaingia kliniki huwekewa mipaka, na mpaka unaohitajika kuliko yote ni ule unaolitenga na uraibu.

Mwili hutengeneza wenyewe kemikali za kupoza maumivu, endofini, ambazo hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyo kwenye seli za ubongo, uti wa mgongo na hata utumbo. Heroini, ambayo kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, ikishaingia mwilini hugeuka kuwa mofini na kuvikamata vipokezi hivyohivyo. Maumivu hupoa, pumzi hupungua, utumbo huzubaa, mboni za macho husinyaa. Ikitumiwa kila siku, ubongo huanza kujirekebisha. Katika shina la ubongo kuna kundi la seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na tayari. Heroini huzikandamiza seli hizo, nazo hujiongezea nguvu ili ziendelee na kazi chini ya mkandamizo. Ni kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa kwa ndani: ukiachiwa ghafla, anaanguka nao. Heroini ikikosekana, noradrenalini hufurika. Ndiyo maana arosto ni heroini iliyopinduliwa: aliyefunga choo anaharisha, aliyesinzia anakesha, mboni zilizosinyaa zinatanuka.

Kujirekebisha huko kwa mwili ndiko kunakoitwa utegemezi, na hakuchagui mtu. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa wiki nyingi hospitalini, akikatishiwa ghafla, atapata arosto, na hiyo peke yake haimfanyi kuwa mraibu. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumiwa Marekani, toleo la 2013, unaelekeza wazi kwamba arosto ya mtu anayetumia dawa kwa uangalizi wa daktari isihesabiwe kuwa kigezo cha uraibu. Mfano unaonigusa zaidi ni wa mtoto mchanga. Mama aliyetumia heroini wakati wa ujauzito anaweza kujifungua mtoto anayetetemeka, anayelia kwa sauti kali, asiyeweza kunyonya vizuri. Mtoto huyo ana arosto kamili. Lakini hajawahi kuitamani heroini, na hataitafuta. Kumwita mraibu ni kumwonea.

Uraibu una asili nyingine. Watu wa pwani walilitumia neno hili kwa vile vitu vya kutafuna pamoja na tambuu, yaani popoo, chokaa na tumbaku, na kwa mazoea ya kuvitafuna. Leo limebeba maana nzito zaidi: kushindwa kujizuia, kuendelea kutumia huku madhara yakionekana wazi, na hamu inayorudi hata miezi mingi baada ya mwili kusafika. Hapa inayohusika zaidi ni mifumo ya dopamini, inayoufundisha ubongo kitu gani kifuatwe tena. Mafunzo hayo hayafutiki kwa wiki moja. Kona ya mtaa, rafiki wa zamani, karatasi ya kete iliyookotwa mfukoni vinatosha kuamsha hamu ya mtu ambaye mwili wake hauna tone la heroini.

Kuchanganya mambo haya mawili kumegharimu maisha ya watu. Familia humfungia kijana chumbani, kwa mapenzi na kwa kukata tamaa. Siku nne anatapika na kugaragara. Wiki ikiisha ameoga, amekula, analala, na nyumba nzima inashukuru kwamba ameacha. Kilichokwisha ni arosto. Uraibu upo palepale, ila sasa mwili umepoteza ustahimilivu, yaani ule uwezo wa kubeba dozi kubwa uliojengeka pole pole. Akirudi kijiweni na kutumia kipimo chake cha zamani, sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi hukandamizwa, naye hufa kwa kuacha kupumua. Hatari hiyohiyo humngoja anayetoka gerezani na anayetoka soba hausi, yaani nyumba ya wanaoacha dawa, hasa wiki za mwanzo. Naloksoni, dawa inayoiondoa heroini kwenye vipokezi na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache, ingepaswa kuwa mikononi mwa ndugu na marafiki wanaompokea.

Methadoni, dawa anayopewa mgonjwa badala ya heroini, nayo haieleweki bila mpaka huu. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na Kenya ikafuata mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Hukaa mwilini kwa zaidi ya siku moja, hivyo mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Wapo wanaolalamika kwamba mtu amebadilishiwa unga tu. Kwa upande wa utegemezi wana hoja: akiikosa siku mbili tatu, arosto itamshika. Lakini dozi ikipimwa vizuri hailewi, na mgonjwa hashindi akisaka pesa ya kete. Muda huo ndio unaompa mshauri nafasi ya kuushughulikia uraibu, pamoja na mgonjwa na nduguze.

Ningependa kadi za kliniki zetu ziwe na sehemu mbili zenye maneno haya mawili. Kwenye arosto iandikwe ilianza lini, ikawa kali kiasi gani, ikaisha lini. Kwenye uraibu iandikwe hamu inaamshwa na nini, mgonjwa anaishi na nani, anarudi mtaa gani. Na tarehe ya kufunga sehemu ya kwanza isitumiwe kuifunga ya pili.