Jiwe Aliliona Nani Kwanza?

Wasee, wiki jana hapa Kotile abti alinitolea mfukoni kijiwe cha kijani alichookota akichunga mbuzi. Mimi chuo niliacha, lakini nyumbani bado naitwa msomi. "Hii ni mali?" akaniuliza. Kuna jamaa alipita akamwambia amwachie tu, atakipeleka Nairobi kikakaguliwe.

Nikamwambia: abti, kaa kwanza nikupe stori ya tanzanaiti.

Mwaka 1967, Mirerani kaskazini mwa Tanzania, Jumanne Ngoma aliokota mawe ya buluu. Mwaka huohuo Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyekuwa akitafuta madini pembeni, akasajili eneo la kuchimba pale. Kwanza alidhani ni yakuti. Wapi! Wataalamu wakasema ni zoisaiti, madini yanayojulikana tangu zamani, ila yenye rangi ambayo hawakuwa wameizoea.

Rangi yenyewe inatoka wapi? Ni chembe kidogo za vanadi zilizoingia ndani ya jiwe lilipokuwa likiumbika ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Na mengi hutoka shimoni yakiwa kahawia. Yakipashwa moto wa digrii kama 500 au 600, ndipo buluu inajitokeza. Yaani kinacholipiwa pesa zote hizo ni kauchafu tu.

Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jiwe jina la tanzanaiti na kulitangaza dunia nzima. D'Souza hakula sana: alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1969. Na Ngoma? Ni mwaka 2018 ndipo Rais Magufuli alipomtangazia zawadi ya shilingi milioni 100 za Tanzania. Miaka 51 imepita! Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Sasa linganisha na Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa hapohapo Mirerani. Mwaka 2020 alipata mawe mawili, jumla kama kilo 15, na serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.7 za kwao. Bahati alikuwa nayo, sikatai. Lakini pia alikuwa na leseni. Ngoma naye alikuwa na bahati. Kilichowatofautisha ni karatasi.

Hilo ndilo linaniuma. Sisi watoto wa wafugaji tunaijua hii ardhi kwa miguu, kila kichaka. Macho tunayo. Halafu anakuja mtu na kalamu, na stori inaanzia kwake.

Basi tulipiga kijiwe picha, tukaandika mahali na siku kilipookotwa, na jina la abti kamili, majina yote matatu. Tukipata nauli tutakipeleka wenyewe ofisi ya madini. Yule jamaa ameshapiga simu mara mbili.

Huenda ni kipande cha chupa ya soda kilicholainishwa na mchanga. Sawa tu. Lakini ni chupa ya abti.