Kuhesabiwa Haki: Rehema Isiyovunja Haki

Kuhesabiwa haki ni istilahi ya teolojia ya Kikristo inayotaja tendo la Mungu la kumpokea mwenye dhambi na kumtangaza kuwa mwenye haki mbele zake, si kwa stahili ya matendo yake bali kwa neema, kwa njia ya imani katika Yesu Kristo. Ndani yake hukutana sifa mbili za Mungu ambazo watu wengi hudhani zinapingana: haki, inayodai uovu usipite bila hukumu, na rehema, inayomtafuta mkosaji ili aishi. Imani ya Kikristo haikubali kushika mojawapo na kuiacha nyingine, na istilahi hii ndiyo inayoeleza kwa nini.

Chimbuko

Neno hili lina asili ya mahakamani. Katika Agano la Kale, kitenzi cha Kiebrania hitsdiq humaanisha kutamka kwamba mtu hana hatia. Kumbukumbu la Torati 25:1 inawaagiza waamuzi wampe haki mwenye haki na kumtia hatiani mwovu. Mithali 17:15 inaongeza kwamba kumpa haki mwovu ni chukizo kwa Bwana, sawasawa na kumhukumu asiye na kosa. Hapo ndipo uzito wa fundisho la Mtume Paulo unapoonekana, kwa maana katika Warumi 4:5 anamtaja Mungu kuwa ndiye anayempa haki mtu mwovu. Kwa maneno mengine, Mungu anafanya jambo ambalo waamuzi wa Israeli walikatazwa kulifanya. Sehemu kubwa ya barua hiyo inaeleza jinsi Mungu anavyoweza kulifanya na bado akabaki mwamuzi mwadilifu.

Paulo aliandika kwa Kigiriki. Kitenzi chake kikuu ni dikaioun, yaani kutangaza kuwa mwenye haki. Kando yake aliweka kingine, logizesthai, kilichotumika katika biashara kwa maana ya kuingiza kitu katika hesabu ya mtu. Alikitoa katika Mwanzo 15:6, katika tafsiri ya Kigiriki, mahali ambapo imani ya Ibrahimu inahesabiwa kuwa haki. Katika sura ya 4 ya Warumi pekee, kitenzi hicho kinatokea mara 11. Mfanyakazi hupewa mshahara kwa sababu anadai, asema Paulo, lakini Ibrahimu hakuwa na la kudai, alipewa.

Tafsiri za Kiswahili

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952 ili kuunganisha wasomaji wa tafsiri za Kiunguja na Kimvita, ndiyo iliyoyazoesha makanisa mengi ya Afrika Mashariki maneno "kuhesabiwa haki". Msemo huu unabeba picha zote mbili za Paulo: haki ni ya mahakama, na hesabu ni ya daftari. Sarufi nayo inafundisha. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendewa, kwa hiyo mwanadamu ni mpokeaji, na mtendaji ni Mungu.

Njia nyingine zilijaribiwa. Karl Roehl, ambaye Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1937, alipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na akapendelea "wongofu" mahali pa "haki". Neno hilo linaonyesha maisha yaliyonyooshwa, lakini haliipeleki akili ya msomaji mahakamani. Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, husema kwamba watu "wanakubaliwa kuwa waadilifu". Hapa kukubaliwa kunasikika kwa uchangamfu, na msomaji wa kawaida haelemewi. Hata hivyo picha ya daftari inapotea, na neno "mwadilifu" huwafanya wengi wafikirie kwanza mwenendo mzuri wa mtu.

Msemo wa Union Version pia una hatari zake. Katika mazungumzo ya kila siku, haki ni kitu ambacho mtu anakidai: haki ya mirathi, haki ya kupiga kura, haki za binadamu. Anayelisikia neno kwa namna hiyo anaweza kudhani kwamba kuhesabiwa haki ni kupewa anachostahili, na hilo ni kinyume kabisa cha fundisho. Vivyo hivyo, hesabu yaweza kueleweka kama kujumlisha mema na kutoa mabaya. Ndiyo maana walimu wa katekisimu hulifunga neno hili pamoja na jingine, neema.

Haki na rehema katika tendo moja

Swali la msingi ni hili: deni la dhambi limekwenda wapi? Barua fupi ya Paulo kwa Filemoni inatoa mfano ulio karibu. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ametengana na bwana wake. Paulo anamrudisha akiwa na barua, na katika aya ya 18 na 19 anaomba kwamba kama Onesimo amemdhulumu Filemoni au anadaiwa kitu, hayo yaandikwe katika hesabu yake Paulo. Kisha anathibitisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Deni halikanushwi wala halipuuzwi, bali linahamia kwa mtu aliyejitolea kulibeba. Onesimo anapokewa kama ndugu, na Filemoni haambiwi kwamba hasara yake si kitu.

Kwa namna hiyo Warumi 3:24-26 inaueleza msalaba. Mungu anaonekana kuwa mwenye haki, na papo hapo kuwa mwenye kumpa haki amwaminiye Yesu. Neno la Kigiriki linaloelezea kazi ya Kristo katika aya ya 25, hilasterion, ndilo linalotumika katika Waebrania 9:5 kwa kiti cha rehema, kile kifuniko cha sanduku la agano. Ndani ya sanduku zilikuwamo mbao za Amri, na juu ya kifuniko kuhani mkuu alinyunyiza damu Siku ya Upatanisho. Sheria haikuondolewa ili rehema ipate nafasi, kwa kuwa rehema ilitolewa juu yake.

Mfano wa Yesu katika Luka 18:9-14 unalionyesha jambo hilo katika maisha ya mtu mmoja. Mtoza ushuru anasimama mbali, hathubutu kuinua macho, anajipiga kifua na kuomba. Kitenzi cha ombi lake ni cha ukoo mmoja na hilasterion: anaomba rehema inayopatikana kwa upatanisho. Farisayo anaorodhesha kufunga kwake na zaka zake. Anayerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule asiyekuwa na orodha.

Wanateolojia hawakueleza kwa namna moja jinsi gharama hiyo ilivyolipwa. Anselm wa Canterbury, katika kitabu Cur Deus Homo kilichomalizika mwaka 1098, alisema kwamba Kristo alilipa heshima ambayo dhambi ilimnyima Mungu. John Calvin, katika karne ya 16, alisisitiza kwamba Kristo alibeba hukumu. Wote wawili wanakataa wazo kwamba Mungu alifumba macho tu.

Mabishano ya makanisa

Katika Kilatini, neno justificare linaweza kusomwa "kufanya kuwa mwenye haki". Augustino aliliona hivyo: Mungu humponya mtu kwa ndani. Martin Luther alisisitiza tamko la Mungu kuhusu haki ya Kristo, ambayo mwamini huipokea kutoka nje ya nafsi yake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 liliweka fundisho hilo katika kifungu cha nne. Mtaguso wa Trento, tarehe 13 Januari 1547, ulijibu kwamba tendo hili si msamaha wa dhambi tu, bali pia utakaso na kufanywa upya kwa mtu wa ndani.

Baada ya karne nne na nusu, tarehe 31 Oktoba 1999, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri la Dunia walitia saini mjini Augsburg Tamko la Pamoja juu ya fundisho hili. Walikiri pamoja kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema pekee, kwa imani katika kazi ya Kristo, naye hupewa Roho Mtakatifu anayemwezesha kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006 na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Tamko linawahusu moja kwa moja Wakristo wa Tanzania, kwa kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ni mwanachama wa Shirikisho hilo, na askofu wake Josiah Kibira aliliongoza kuanzia 1977 hadi 1984.

Mipaka ya istilahi

Kuhesabiwa haki hakupaswi kuchanganywa na maneno jirani. Msamaha huondoa kosa, lakini kuhesabiwa haki humpa mtu pia nafasi ya mwana nyumbani mwa Mungu. Utakaso ni safari ya kubadilishwa inayofuata. Yakobo 2:24 inaposema kwamba mtu hupewa haki kwa matendo, inapambana na imani ya mdomoni, ile inayomwona ndugu mwenye njaa na kumwambia aende kwa amani. Mwenye kuhesabiwa haki bure hana ruhusa ya kumnyima mwenzake haki. Mtumishi wa Mathayo 18 aliyesamehewa deni kubwa, kisha akamkaba mwenzake kwa deni dogo, alihukumiwa na bwana yuleyule aliyemhurumia.