Jumuiya Ikivunjika, Gemu Zetu Tutamuuzia Nani?

Leo siandiki kuhusu lugha za programu. Leo ni historia. Swali lenyewe ni hili: nchi ikijitoa kwenye jumuiya ya kibiashara, sekta yake ya gemu inapatwa na nini?

Wengi watajibu haraka: hapatwi mtu na kitu! Gemu haipandi lori, haisimami Lunga Lunga wala Namanga kukaguliwa na watu wa forodha. Tena mwaka 1998 nchi za Shirika la Biashara Duniani (WTO) zilikubaliana kutotoza ushuru wa forodha kwa vitu vinavyotumwa kwa njia ya elektroniki. Sawa. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Ushuru ndio sehemu ndogo. Kinachoumia ni vitu vitatu: nyaya, watu na pesa.

Tuanze nyumbani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianza Desemba 1967. Makao makuu yalikuwa Arusha, Shirika la Bandari lilikaa Dar es Salaam, Reli na Ndege Nairobi, na Shirika la Posta na Simu likakaa Kampala. Hebu fikiria: nchi tatu, shirika moja la simu! Mwaka 1977 yote yakavunjika. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kila nchi ikaunda shirika lake la posta na simu. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulikuja kutiwa saini Arusha Mei 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht.

Sasa tazama kalenda. Septemba 1977 kampuni ya Atari ilianza kuuza mashine yake ya VCS huko Marekani. Mwaka 1978 Wajapani wakatoa Space Invaders. Yaani wakati wenzetu wanagundua kwamba mchezo wa kompyuta ni biashara, sisi tulikuwa tunagombania ndege na mabehewa.

Sisemi kwamba bila mvunjiko ule tungekuwa na Atari yetu. Tanzania ilishapiga marufuku kuingiza kompyuta tangu 1974, na hilo halikuwa kosa la Jumuiya. Pia kushirikiana si dawa ya kila kitu. Kenya ilichoka kusubiri mradi wa pamoja wa kebo ya EASSy, ikajenga yake ya TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa. Ilifika 2009, mwaka ule ule wa SEACOM, na EASSy ikaanza kazi 2010. Kwa hiyo kwenye nyaya, aliyekwenda peke yake hakupoteza.

Kwenye pesa mambo ni tofauti. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania 2008. Jina moja, wazo moja. Lakini ilibidi tusubiri hadi 2015 ndipo mtu aweze kutuma pesa kutoka M-Pesa ya Safaricom kwenda ya Vodacom Tanzania. Miaka saba! Kwa mtengeneza programu hiyo ni kazi ya kuunganisha mifumo miwili tu. Kigumu ni makubaliano ya kampuni na ruhusa za wasimamizi wa nchi mbili. Hapo ndipo jumuiya inapohitajika.

Tuje kwa waliojitoa. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Gemu haikuumia kwa sababu hakukuwa na sekta ya kuumia, na pia ilibaki SADC na kwenye Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki. Mfano wenyewe hasa ni Uingereza, iliyotoka Umoja wa Ulaya Januari 2020 na kutoka kwenye soko lake la pamoja mwisho wa mwaka ule. Je, studio za London zilifungwa? Hapana. Mkataba wa biashara wa Desemba 2020 ulizuia hata ushuru wa forodha kwa vitu vinavyotumwa kwa njia ya elektroniki.

Lakini angalia pembeni. Kuanzia Januari 2021 mtaalamu wa Poland au Ureno anayetaka kuhamia kufanya kazi Uingereza anahitaji viza na mwajiri wa kumdhamini. Mfuko wa Creative Europe wa 2021–2027, ambao hutoa pia ruzuku kwa gemu, Uingereza haikuingia. Ruhusa ya data za watu kutoka Ulaya kwenda Uingereza ilibidi itolewe upya, Juni 2021. Halafu kodi: nafuu ya gemu iliyoanza 2014 ilihesabu gharama za kazi iliyofanyika kokote katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Utaratibu mpya ulioanza Januari 2024 unahesabu matumizi ya ndani ya Uingereza tu. Mchoraji wa Poland ni yule yule, kalamu ni ile ile, lakini kumtumia kumekuwa ghali zaidi.

Ndivyo inavyokuwa. Hakuna mlango unaofungwa kwa kishindo. Ni karatasi moja hapa, ada moja pale, mpaka mdogo anachoka na mkubwa anaajiri wanasheria.

Sasa rudi huku kwetu. Kaunti nzima ya Tana River, kwa sensa ya 2019, ina watu 315,943. Kenya yote ni milioni 47.6. Kijana wa Kilelengwani, huku Garsen, akitengeneza gemu ya Kiswahili, nusu kubwa ya wateja wake wako ng'ambo ya Lunga Lunga: Tanga, Bagamoyo, Unguja. Tanzania ilihesabu watu milioni 61.7 mwaka 2022. Gemu ya Kiingereza inaweza kutafuta mnunuzi popote duniani. Ya Kiswahili ina soko moja tu kubwa, nalo limekatwa na mipaka.

Mwingereza aliyetoka Ulaya alibaki na Marekani na dunia nzima ya Kiingereza. Sisi tukivunja tena, kijana huyu atabaki na nini? Atafanya hesabu, atafuta maneno ya Kiswahili kwenye gemu yake, aandike Kiingereza. Kwa hiyo viongozi wakianza kurushiana maneno kuhusu mahindi na maziwa, sisi wa kompyuta tusiseme hayatuhusu. Mwaka 1977 hatukuwa na gemu ya kupoteza. Safari hii tunayo.